"Cha Mama ni Kipi?" Staa Aliuliza, Fundi wa Sinza Akanyoosha Kidole kwa cha Uongo

"Haya mdogo wangu, cha mama ni kipi?"

Swali lenyewe dogo tu. Liliulizwa Jumamosi moja mchana, kwenye baraza la nyumba moja ya Mbezi Beach, na aliyeuliza ni mwigizaji wa Bongo ambaye ukiona sura yake tu unajua ni nani. Aliyeulizwa ni binti wa miaka 24 kutoka Sinza, fundi wa kutengeneza nakala za vitu vidogo kwa resini. Mezani kulikuwa na vidani viwili vyeusi vimelala juu ya tishu, vinafanana kama mapacha.

Binti akanyoosha kidole kwa kile cha kushoto. Staa akakichukua, akakinusa, akafumba macho, akakivaa.

Sasa ukweli ni huu: cha mama hakikuwa cha kushoto. Hakikuwa cha kulia pia. Cha mama kilikuwa Sinza, kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, na yule mtoto aliyechongwa kwenye kidani alikuwa hana kichwa.

Kisa hiki kimeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kikiwa kimepindishwa kila kona. Wapo wanaosema staa aliibiwa, wapo wanaosema ni kiki ya filamu mpya. Majina hayatajwi hapa, si la staa wala la binti, maana wote wanaishi mji huu huu na wana ndugu zao. Lakini mambo yalivyokwenda ni hivi.

Binti alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yale ya kukaa nyumbani. Akauza mitumba kidogo, akakaa kwenye duka la M-Pesa la shangazi yake, akachoka. Siku moja yuko YouTube anaua muda, akakuta mtu anamimina kitu kama maji juu ya ua, kesho yake ua liko ndani ya kioo. Akasema hii hii ndiyo yangu. Zamu yake ya mchezo ilipofika, akapokea laki moja na nusu, badala ya kununua simu akaenda kununua resini.

Wengi mnaona viholda vya funguo na hereni zinazong'aa mnadhani ni kumimina tu. Hapana. Resini inakuja chupa mbili, moja resini yenyewe na nyingine hadena. Ukizichanganya kwa kipimo chake, inakauka inakuwa ngumu kama kioo. Ukikosea kipimo, utangoja mpaka Krismasi na bado inanata kama bigijii. Viholda vyake 20 vya kwanza vyote vilinata, kwa sababu alikuwa anapima kwa vifuniko vya soda. Akaenda duka la dawa akanunua mabomba ya sindano ya kupimia. Baadaye akapata mizani ndogo.

Akajifunza kukoroga taratibu, dakika tatu nzima, huku anakwangua kuta za kikombe, maana ile isiyochanganyika inayobaki ukutani ndiyo inayoacha sehemu laini. Ukikoroga kwa fujo, mapovu yanajaa. Akajifunza pia kwamba video za Ulaya hazijui joto la Dar. Muda wa kumimina unaotajwa kule, huku unakatika nusu. Siku moja alichanganya kikombe kizima, akatoka nje kupokea simu, aliporudi kikombe kinafuka moshi na plastiki imepinda. Kumbe ile kitu ikikaa nyingi sehemu moja inajichemsha yenyewe. Masika yakija, unyevu unaingia, kazi inatoka na ukungu mweupe juu. Na vidole vilimwasha wiki nzima mpaka alipoanza kuvaa glovu na barakoa na kufungua dirisha. Mama mwenye nyumba alishamwambia mara mbili: "Wewe mtoto, utatuua na harufu yako."

Halafu kuna kalibu. Hiyo ndiyo roho ya kazi. Unachukua kitu unachotaka kukinakili, unakizungushia kiboksi, unakimiminia silikoni, ukija kukitoa unabaki na shimo lenye umbo lake. Kila utakachomimina kwenye shimo lile kitatoka vile vile. Silikoni haina siri, inashika hadi mkwaruzo wa sindano, hadi alama ya kidole cha mtu aliyekigusa asubuhi. Kitu chenye pande zote unakifanyia kalibu ya vipande viwili. Unakilaza nusu kwenye udongo wa kuchezea watoto, unamimina upande mmoja, unageuza, unapaka vaselini, unamimina wa pili. Yeye mara ya kwanza alisahau vaselini. Silikoni haishiki vitu vingi, ila silikoni mwenzake inamshika kama ndugu. Akapata donge moja lenye kifungo cha koti katikati, akalipasua kwa wembe.

Ila alikomaa. Na soko lake halikuja kwenye hereni. Lilikuja siku jirani yake alipomletea jino la kwanza la mwanawe lililong'oka, akataka nakala ya kuweka kwenye mkufu, jino lenyewe alifiche. Binti akatengeneza, akaposti. Ndani ya wiki akapata mama mwingine na jino lake, na kaka mmoja na kifungo cha shati la marehemu babu yake. Akagundua kwamba watu mjini hapa wanatembea na vitu vidogo kwenye pochi, vitu wanavyoogopa kuvivaa na kuogopa kuvipoteza. Yeye kazi yake ikawa kuwatoa hofu.

Ndivyo staa alivyomfikia. Ilikuwa usiku, binti yuko kitandani, akaona DM kutoka kwenye akaunti ya tiki ya bluu. Akadhani ni matapeli. Kesho yake akapigiwa simu ya video, sura ile ile ya kwenye filamu inamwangalia.

Staa alikuwa na kidani cha mpingo. Kidogo, ukubwa wa kifundo cha dole gumba. Umbo la mama amembeba mtoto mgongoni. Mama yake mzazi alikinunua zamani pale Mwenge kwenye vinyago, akakivaa kila siku mpaka anafariki. Tangu msiba, staa hakukivua. Ila alikuwa anaanza kurekodi tamthilia, kuna matukio ya baharini na ya kupigana, na akiwa lokesheni alishawahi kukikosa saa nzima mpaka akakikuta kwenye mchanga. Alilia siku ile. Akataka nakala ya kuvaa kazini, na cha mama kipumzike nyumbani.

Walipoonana, kabla hajakiachia, alikinusa. "Bado kina udi wake," akasema. Mama alikuwa mtu wa udi, kila Alhamisi anafukiza nyumba nzima na nguo zake. "Jumamosi nikipate mdogo wangu, Jumapili tunaanza shuting."

Ilikuwa Alhamisi.

Binti alipatana naye elfu 60, na staa akamwambia kazi ikitoka vizuri atamtagi. Wewe jua mwenyewe tagi ya mtu yule ina thamani gani.

Ijumaa asubuhi akaanza kalibu. Ukimuuliza leo atakuambia kosa liko wapi bila kufikiri. Kati ya shingo ya mtoto na bega la mama kulikuwa na uwazi mdogo, njiti ya kiberiti inapita. Uwazi kama ule unazibwa kwanza kwa udongo au nta, vinginevyo silikoni inapita upande mmoja inatokea wa pili, na ikikauka inakuwa imekifunga kitu kama pingu. Aliuona uwazi. Akasema ni mdogo, silikoni inavutika, itatoka. Alikuwa na haraka.

Saa 8 usiku akafungua kalibu. Upande mmoja ukatoka vizuri. Wa pili ukagoma. Akavuta taratibu, ukagoma. Akavuta zaidi. Akasikia kitu kimelia, sauti ndogo kama unavyovunja njiti.

Mama wa mpingo akatoka na mtoto mgongoni. Kichwa cha mtoto kikabaki ndani ya silikoni.

Alikaa chini, juu ya sakafu, mpaka adhana ya alfajiri. Halafu akafanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya, akaichunguza kalibu. Akakitoa kile kichwa kwa kibanio, akakifunga kwenye tishu. Akamulika kwa tochi ya simu. Kalibu ilikuwa nzima. Ule utando uliopita kwenye uwazi ulichanika, lakini shimo lenyewe lilikuwa safi, kila mkunjo wa kanga ya mama, kila kidole cha mtoto. Silikoni ilikishika kidani kikiwa bado kizima. Maana yake nakala zingetoka nzima, na cha asili ndicho kilichovunjika.

Resini aliyokuwa nayo ya haraka, inakauka kwa saa chache. Akatia rangi nyeusi, akamimina. Ikatoka. Akamimina ya pili. Akatoboa ule uwazi kwa sindano ya moto, akapiga msasa laini, akasugua kwa nta ya viatu mpaka ule mng'ao wa plastiki ukafa. Akaziweka kwenye mwanga wa dirisha. Hata yeye zilimshangaza.

Mpaka hapo, mdau, ungeweza kumtetea. Alivunja kwa bahati mbaya, alikuwa na haraka, alikuwa na hofu. Lakini kuna jambo alilifanya baada ya hapo ambalo hata yeye hapendi kulisimulia. Alikwenda dukani, akanunua udi wa elfu 2. Akawasha mkaa kwenye chetezo cha mama mwenye nyumba, akakifunika kile kidani kimoja chini ya kanga pamoja na moshi, akakiacha humo mpaka alipotoka kwenda Mbezi.

Ndiyo maana staa aliponusa, alifumba macho.

Jumatatu picha ikapostiwa. Staa kwenye boti, kidani kinaonekana vizuri, chini kaandika shukrani kwa fundi mdogo aliyemtoa wasiwasi, na jina la akaunti ya binti. Simu ya binti ilikuwa inatetemeka mezani mpaka ikaanguka. Kutoka wafuasi 900 akafika 20,000 ndani ya siku chache. Na kila anayeandika anataka kitu kimoja: "Kidani cha mama kama cha dada, bei gani?"

Kidogo alikuwa na adabu, akamwomba ruhusa staa. Akamwandikia, dada, watu wanakitaka, niuze au nisiuze? Jibu likaja na emoji ya kucheka: "Uza tu mdogo wangu, upate riziki. Cha mama si ninacho mimi."

Binti aliisoma meseji ile akaweka simu kifudifudi.

Lakini akauza. Elfu 15 kila kimoja. Alitoa nakala 43 kwenye kalibu ile. Unapanda daladala ya Makumbusho unakiona shingoni kwa dada mmoja, unashuka Kariakoo unakiona kwa mwingine. Akalipa kodi ya miezi sita. Akanunua feni, akamnunulia shangazi yake jiko la gesi. Watu wakaanza kumwita "madam". Na kila akiinama kuchukua kitu chini ya kitanda, lile kopo la maziwa lilikuwa pale pale. Akalisogeza kwenye kona, halafu akaliweka ndani ya begi. Mwishowe akaacha kuinama, kila kitu akakipandisha juu ya kabati.

Kalibu nayo haiishi milele. Resini inaitafuna polepole, kila mmimino unaichosha. Kufika ya 43 midomo yake ilishachanika, nakala zikaanza kutoka na vipele na mshono mnene. Na alikuwa ameshapokea oda nyingine 60, nusu zimelipwa kabisa. Ili atengeneze kalibu mpya anahitaji kitu cha asili. Angeweza kunakili nakala, kweli, lakini nakala ya nakala inabeba kila dosari ya ile ya kwanza na kuongeza zake. Na alishaanza kupata wateja wenye macho.

Kwa hiyo akafungua kopo. Akasema nitampelekea mchongaji anirudishie kichwa, nimimine kalibu mpya, maisha yaendelee. Akaenda Mwenge, kwenye vinyago, akapata mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, miguu imejaa vumbi jeusi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti. Nini hicho?"

Akamwonyesha kidani kilichovunjika na kichwa chake. Akampa na nakala moja, ili mzee aone kinavyotakiwa kukaa. Mzee akakichukua kile cha asili, akakigeuza juani, mle ndani ya weusi kukaonekana nyuzinyuzi za kahawia. "Mpingo," akasema. Halafu akachukua nakala. Akaigonga kwenye jino lake. Akaiweka juani, ikabaki nyeusi tupu, haina nyuzi. Akacheka.

"Na huu ni mti gani? Mnauotesha wapi?"

Binti akajaribu kucheka naye, akashindwa. Yale maneno aliyokaa nayo miezi minne yakatoka yote pale pale, mbele ya vifaru na masimba ya mbao. Alivyovunja, alivyomimina, alivyonyoosha kidole, udi. Mzee alikuwa mtu wa kwanza kusikia.

Mzee hakumpa mahubiri. Alisema yeye ujanani alikuwa anachukua mti mwingine mweupe, anauchonga, anaupaka kiwi ya viatu, anawauzia wazungu kwamba ni mpingo. Siku mvua ikinyesha, vinyago vinatoka rangi. "Lakini wale wa kwangu walikuwa wanapanda ndege wanaondoka," akasema. "Wewe wa kwako yupo Mbezi."

Akachukua tupa, akakwangua kipande cha mpingo mpaka akapata unga mweusi. Akatia gundi kwenye shingo, akabandika kichwa, akajaza ufa kwa ule unga, akaongeza tone la gundi, akasubiri, akapiga msasa. Dakika 20 hazikufika. Mtoto akarudi mgongoni. Ukiangalia kwa karibu, kuna mstari mwembamba shingoni.

"Huu mstari hautoki?" binti akauliza.

"Naweza kuuficha. Unataka niufiche?"

Binti akakaa kimya. Akasema hapana. Mzee akachukua elfu 5 yake.

Hakwenda Mbezi siku ile. Alikwenda siku ya tatu. Kwanza alirudi nyumbani akapiga hesabu ya zile oda 60. Fedha aliyotakiwa kurudisha hakuwa nayo, alikuwa anaikalia kama kodi na kupikia kama jiko. Akijua kabisa kwamba akienda kule, tagi inaondoka na wateja wanaondoka nayo. Na hakuna mtu mwingine aliyejua zaidi ya mzee wa Mwenge ambaye hana hata simu ya intaneti. Angenyamaza, angekaa nalo mpaka uzeeni. Ila alikuwa kila akifunga macho anaiona ile meseji, cha mama si ninacho mimi.

Staa alimpokea vizuri, akaagiza juisi. Binti hakuinywa. Akafungua kitambaa, akakiweka kidani mezani. Akasema.

Dada yule aliangalia kidani cha mezani. Akavua kile cha shingoni, akakiweka pembeni yake. Akakaa muda mrefu. Dada wa kazi alipopita akaambiwa arudi ndani.

"Nimekuwa naongea nacho," staa akasema. "Usiku nikikosa usingizi nakishika, naongea na mama. Miezi minne naongea na plastiki."

"Nisamehe dada."

"Kuvunja nimeelewa, imetokea. Hata mimi ningeogopa kusema." Akakichukua kile cha mpingo, akakinusa. Kilikuwa kinanuka kopo la maziwa na vumbi la Mwenge. "Harufu je? Mbona hiki cha uongo kilikuwa kinanuka udi?"

Binti akamwambia.

Hapo ndipo staa alipolia. Hakupiga kelele, hakutukana, machozi tu yanashuka na makeup. "Kuvunja ni bahati mbaya," akasema. "Na udi nao ni bahati mbaya?"

Hakuna jibu la swali hilo, na binti hakulitafuta. Akatoa elfu 60 akaziweka mezani. Staa akamwambia azichukue na aondoke. Akaondoka na elfu 60 zake mkononi, akatembea mpaka barabarani, daladala tatu zikapita hajazisimamisha.

Jioni ile posti ikafutwa. Staa hakuandika kitu, hakumtangaza wala hakumsema, akamuanfolo tu. Lakini si unajua mjini, kufutwa kwa posti ni habari. Watu wakaanza kuchimba. Wateja wakataka hela zao. Binti alirudisha kidogo kidogo, akauza feni, akakopa kwa shangazi, na wapo ambao alimaliza kuwalipa baada ya miezi mitano. Wengine walimwandikia mambo ambayo hayawezi kurudiwa hapa. Ile kalibu iliyochanika aliikata vipande kwa wembe, akatupa.

Kazi hakuiacha. Bado yuko Sinza, chumba kile kile, dirisha wazi na mama mwenye nyumba analalamika. Ila ukimpelekea kitu leo, utaona mambo kadhaa. Kwanza anakipiga picha pande zote mbele yako. Anakuonyesha penye hatari, hapa pana ufa, hapa pana uwazi, anakuambia kwa mdomo wake kwamba kinaweza kuharibika, na kama hutaki bora uondoke nacho. Uwazi wowote anaziba kwa udongo kabla ya kumimina, hata ukimwambia una haraka. Ukiwa na haraka sana anakurudishia kitu chako.

Na kuna jambo la mwisho. Kila kalibu anayoitengeneza, kabla ya mmimino wa kwanza anatoboa kishimo kwa ncha ya sindano, sehemu ya chini isiyoonekana. Kwa hiyo kila nakala inatoka na kipele kidogo. Ukipapasa kwa kidole unakisikia. Hata taa ikizimika, hata miaka 30 ikipita na wote waliokuwepo wamesahau, mtu atapapasa na kujua kipi ni cha mama na kipi ni cha fundi.

Staa naye maisha yake yanaendelea. Hajamfolo tena. Mwezi uliopita alionekana kwenye shughuli moja mjini, kavaa gauni jeusi, na shingoni kidani. Picha ilipigwa karibu. Waliokuza ile picha wanasema kwenye shingo ya mtoto kuna mstari mwembamba, na wakaanza kumcheka kwamba staa mzima anavaa kitu kilichoungwa kwa gundi. Hakuwajibu.

Kitaa kimegawanyika. Wapo wanaosema binti alikuwa mjinga, dada wa watu alishalala usingizi wake na kidani chake, angemwacha na amani yake, ukweli umemsaidia nani? Na wapo wanaosema amani ya kufukiziwa udi si amani.

Haya mdau, ungekuwa wewe ndiye fundi, kopo liko chini ya kitanda na oda 60 zinakungoja, ungekwenda Mbezi? Na ungekuwa staa, ungetaka kuambiwa?